Pete Mguuni mwa Mbayuwayu

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za ndege mdogo ajulikanaye na watoto wa nchi nyingi, naye ni mbayuwayu. Wako mbayuwayu wa aina kadha wa kadha, na baadhi yao hukaa kwetu mwaka mzima. Lakini tumtakaye leo ni yule mgeni mwenye koo la rangi ya kutu, mgongo wa buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, na mkia uliogawanyika kama makasi. Habari zake zitatupeleka mbali, mpaka nchi ya Natal katika Afrika ya Kusini, kwa sababu huko ndiko kulikopatikana jibu la swali lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Tena huko huko, karibu miaka mia baada ya jibu kupatikana, watu walikaa wakashauriana kama ndege huyu aachiwe mahali pake pa kulala au anyang'anywe.

Mtu asafiriye katika mashamba ya Natal mwezi wa Novemba huwaona mbayuwayu hawa wamejipanga juu ya nyaya za simu na seng'enge za mashamba, mamia kwa mamia, mfano wa shanga katika uzi. Akirudi mwezi wa Juni hamwoni hata mmoja. Katika nchi ya Uingereza mambo ni kinyume. Huko mbayuwayu huonekana mwezi wa Aprili, hujenga kiota cha udongo katika mabanda ya ng'ombe na chini ya mapaa ya nyumba, hulea makinda, na ifikapo Septemba na Oktoba hutoweka. Leo hata mtoto wa shule aweza kuziunganisha habari hizi mbili akajua maana yake. Lakini zamani waliouona upande mmoja hawakusemezana na waliouona upande wa pili, na kwa hiyo kila mmoja alibaki na nusu ya habari.

Aliyebaki na nusu ya habari huijaza nusu ya pili kwa kukisia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alijua kwamba ndege wengine huhamia nchi zenye joto. Lakini juu ya mbayuwayu aliandika kwamba wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi, wakakutwa humo hawana manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu mzaliwa wa Uswidi, alitoa kitabu kikubwa cha habari za nchi za kaskazini, na ndani yake mna picha ya wavuvi wakivuta wavu uliojaa samaki na mbayuwayu pamoja, kwa maana aliamini kwamba ndege hao hulala chini ya maji mpaka baridi ipite. Katika karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, alifikiri zaidi ya hapo, akaandika kwamba ndege wahamao huenda mwezini.

Tusiwacheke upesi watu hawa. Hao waliosema habari za maji walikuwa wameona jambo la kweli. Mbayuwayu, kabla ya kuondoka Ulaya, hukusanyika jioni katika matete ya kando ya maziwa na mito, wakashuka humo maelfu kwa maelfu jua likitua. Siku nyingi hufanya hivyo, kisha asubuhi moja hawapo. Mwanakijiji aliyewaona wakizama katika matete jioni, asiwaone tena mpaka mwaka wa pili, angedhani nini? Alichokiona kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kile asichoweza kukiona. Nasi twaomba msikilizaji ayakumbuke matete hayo, maana tutayarudia.

Dalili ya kwanza iliyoshikika kwa mkono ililetwa na ndege mwingine, korongo mweupe. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz katika Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki umepita shingoni mwake. Mkuki huo ulikuwa na urefu wa sentimita 80 hivi, nao ulikuwa mti na kazi ya Afrika. Ndege yule alichomwa, akapona, akauchukua mkuki wa watu kuvuka jangwa na bahari mpaka Ulaya, akauawa huko na mwenye bunduki. Walimkausha wakamweka katika Chuo Kikuu cha Rostock pamoja na mkuki wake. Mwindaji aliyeutupa bila shaka alisikitika kwa siku moja au mbili kwamba amepoteza silaha na kitoweo pamoja.

Lakini mkuki hauandikwi anwani. Ulionyesha kwamba korongo hufika Afrika, wala haukusema ni mahali gani wala kwa njia ipi. Aliyepata dawa ya jambo hilo alikuwa mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg. Mwaka 1899 alikata vipete vyembamba vya madini ya alumini, akavipiga tarakimu na anwani, akawafunga ndege 165 wa aina ya kwezi miguuni, kisha akawaachilia waende zao. Akili yake ilikuwa katika wepesi wa madini yale na katika tarakimu. Kila ndege alipata nambari yake peke yake, hata akiokotwa mahali popote ijulikane ni nani, alifungwa wapi, na siku gani.

Kazi hiyo ilienea upesi. Huko Rossitten, pwani ya Bahari ya Baltiki, Johannes Thienemann aliwafunga korongo wengi. Katika Uingereza kazi ilianza mwaka 1909, na mmoja wa walioianzisha alikuwa Bwana Harry Witherby, mchapaji wa vitabu wa London aliyekuwa mhariri wa gazeti la habari za ndege. Anwani iliyopigwa katika pete zake ilikuwa ile ya duka lake la uchapaji, mtaa wa High Holborn. Watu wa mashamba, mawakili, wachungaji wa makanisa na wanafunzi walipelekewa pete, wakawafunga ndege wa viotani mwao, wakangoja.

Na kungoja huko kwahitaji moyo. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vya chai vinne au vitano vya sukari. Ili pete yake ipate kurudi, hapana budi ndege afe au ashikwe mahali penye watu; mtu huyo aione pete; ajue kusoma au awe na rafiki ajuaye; kisha akubali kununua stempu kwa ajili ya jambo lisilo na faida kwake. Katika ndege wadogo mia waliofungwa pete, mara nyingi hapatikani hata mmoja.

Tarehe 6 Mei 1911 Bwana John Masefield, wakili wa mji mdogo wa Cheadle katika jimbo la Staffordshire, alimshika mbayuwayu mzima aliyejenga barazani pa nyumba yake iitwayo Rosehill. Alimfunga pete yenye alama B 830, akamwachilia. Ndege akalea makinda, akaondoka. Majira ya baridi yakapita, majira ya joto yakaja tena na kupita, na mwaka 1912 ukawa unakaribia kwisha.

Tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, wakati ambapo Staffordshire yote imekaa katika baridi na giza la mapema, mbayuwayu mmoja aliingia katika nyumba ya shamba liitwalo Roodeyand, maili 18 kutoka mji wa Utrecht. Si ule wa Uholanzi, bali mji wa Natal ulioitwa kwa jina lake. Alishikwa, na mguuni pake ikaonekana pete. Bwana C. H. Ruddock, aliyekuwa katika hoteli ya mji huo, alisikia habari, akaandika barua kwenda anwani iliyosomwa katika pete. Alieleza siku, mahali na nambari. Barua ikapanda meli, ikafika High Holborn mwaka 1913, na Bwana Witherby akafungua daftari lake akatafuta B 830.

Ni vigumu kwetu leo kupima furaha ya siku ile. Kwa mara ya kwanza mbayuwayu aliyejulikana nyumba yake katika Uingereza alijulikana pia mahali alipokuwa wakati wa baridi, naye alikuwa karibu na mwisho wa bara la Afrika, umbali wa maili kama 6,000. Hakulala shimoni, hakuzama ziwani, wala mwezini hakwenda. Tena tuangalie hesabu: ndege huyu alikuwa mzima tayari Mei 1911, kwa hiyo Desemba 1912 hakuwa akifunga safari yake ya kwanza. Alikuwa ameivuka Sahara kwenda na kurudi, na sasa alikuwa ameivuka tena.

Hapa twataka kusimama kidogo. Barua inatupa jina la aliyeandika. Jina la aliyemshika ndege ndani ya nyumba halikuingia katika habari. Huenda alikuwa mwenye shamba, huenda mtoto wake, huenda mtumishi. Wazulu wa nchi ile humwita mbayuwayu inkonjane, na wachungaji wa ng'ombe hawakosi kumjua, maana mbayuwayu hupenda kuruka chini chini kuzunguka mifugo, akikamata wadudu wanaotimuliwa na kwato. Wao walikuwa na ile nusu ya habari ambayo Aristotle na Olaus Magnus waliikosa, na katika karne hizo zote hakuna aliyewauliza. Haikupita miezi sita tangu ndege yule ashikwe, ikatolewa sheria ya ardhi ya mwaka 1913, iliyowazuia Waafrika wa nchi ile kununua mashamba nje ya sehemu ndogo waliyotengewa. Wengi wakalazimika kuondoka na ng'ombe wao katika mashamba waliyozaliwa. Basi historia ya ndege, kama historia nyingine, imeandikwa na waliokuwa na karatasi.

Mara chache jina limesalia. Jali Makawa alifanya kazi miaka mingi na mtaalamu Benson katika nchi zilizoitwa wakati huo Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia, akitafuta na kutambua ndege. Mwaka 1964 kaskazini-magharibi ya Zambia alipatikana ndege mmoja mdogo asiyefanana sawasawa na wenziwe, na wataalamu wakamwita kwa jina la Makawa, Pogoniulus makawai. Tangu siku hiyo hajapatikana wa pili, na wataalamu walibishana miaka mingi kama kweli ni aina yake peke yake. Lakini jina limeandikwa.

Baada ya barua ya Utrecht pete nyingine zilifuata, na njia zikaanza kuonekana moja moja. Mbayuwayu hula wadudu hewani huku akisafiri, huenda yapata kilomita 300 kwa siku, hulala katika matete, na huko kusini hubadili manyoya yake yote. Hajengi kiota wala hatagi mayai mpaka arudi kaskazini. Si wote watokao Uingereza. Wengi hutoka mbali upande wa mashariki, katika nchi ya Urusi, na mbayuwayu apitaye juu ya shamba la mahindi katika Kenya au Tanganyika ya zamani aweza kuwa mzaliwa wa huko. Korongo naye ana njia yake. Mabawa yake mapana hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipatikani. Kwa hiyo huikwepa bahari, wengine wakipitia Gibraltar, na wengine Bosforo, Misri na Afrika ya Mashariki mpaka kusini. Makaburu walimpa jina la ndege mkubwa wa nzige, wakashukuru kumwona mashambani.

Ajabu kubwa kuliko hizo ni ya kozi mdogo wa Amur, ambaye watu wa pwani yetu watamwelewa kuliko wengine. Huyu huzaliwa katika nchi za mto Amur, mpakani pa Urusi na China, hupita India, kisha mnamo Novemba na Desemba huivuka Bahari ya Hindi kwa mabawa yake, akisukumwa na pepo zile zile za kaskazi zilizoleta majahazi Mombasa na Zanzibar. Kisha hushuka mpaka Natal, akalala katika miti ya mijini. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba katika jimbo la Nagaland, India, makumi ya maelfu yao walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kwa kuliwa. Wanakijiji wa huko walikubaliana kuacha, na mwaka uliofuata nyavu hazikutegwa.

Kusini mwa Afrika kwenyewe, wataalamu wa kwanza waliwajua ndege kwa bunduki. Ndege alipigwa, akachunwa, akatiwa pamba, akapelekwa makumbusho. Kitabu kilichowapa watu wengi njia nyingine ni kile cha Austin Roberts wa makumbusho ya Transvaal, Pretoria, kilichotoka mwaka 1940 kikiwa na picha za rangi zilizochorwa na Norman Lighton. Kwa kitabu hicho mtu asiye mtaalamu aliweza kumtambua ndege akiwa hai mtini. Mwaka 1948, mwaka aliokufa Roberts kwa ajali ya gari, Afrika ya Kusini ilianza kazi yake yenyewe ya kufunga pete. Baadaye watu wa kawaida, walimu na wakulima na wastaafu, walianza kuandika orodha za ndege wa kila sehemu ya nchi. Orodha zao za miaka ya 1987 hadi 1991 zilikusanywa zikatoka katika kitabu mwaka 1997. Watu wakaanza pia kusafiri mbali, hata kutoka ng'ambo, kwa sababu ya kutazama ndege tu, na vijiji visivyojulikana vikapata wageni.

Kimoja katika hivyo ni Mount Moreland, kaskazini mwa mji wa Durban. Chini ya kilima chake pana bonde la matete liitwalo Lake Victoria. Msikilizaji asifikiri ni Nyanza yetu, maana hili ni bwawa dogo tu lenye jina kubwa. Jioni za tangu Novemba hadi Aprili mbayuwayu walikuja kulala humo kutoka pande zote. Walianza kama moshi mwembamba juu ya upeo, wakawa wingu, na jua lilipozama wakaporomoka katika matete kana kwamba wamemiminwa. Walikisiwa kufika milioni tatu. Watu walipanda kilimani na viti vyao kutazama, na waliotoka Ulaya waliwatazama ndege wa mabanda ya kwao.

Ikaja habari kwamba uwanja mpya wa ndege utajengwa La Mercy, jirani kabisa, uwe tayari kabla ya mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010, na kwamba njia ya kutua itapita juu ya matete yale. Lugha yetu huviita vyote viwili ndege, kile chenye injini na kile chenye manyoya, nasi twajua kwamba vikikutana angani vyote viwili huumia. Kundi likiingia katika injini, roho za watu zimo hatarini. Waliotaka usalama walikuwa na haki ya kuogopa, na njia rahisi kuliko zote ilikuwa kuyakata matete. Lakini wenyeji wa Mount Moreland hawakunyamaza. Waliwaita watu wa vyama vya kuhifadhi ndege, habari zikaandikwa katika magazeti ya Ulaya, na watu wa Uingereza wakasikia kwamba mbayuwayu wa mabanda yao wanajadiliwa katika kikao cha Durban. Kwa miaka mia iliyopita barua zilikuwa zikienda upande mmoja zikieleza ndege ametoka wapi. Safari hii barua zilirudi kumwombea kitanda.

Shauri lilimalizika kwa rada. Walipima kwa mitambo ndege hao huruka juu kiasi gani na kwa saa zipi, wakaona kwamba hatari yao ni ya muda mfupi, alfajiri na magharibi, na kwamba waongozaji wa uwanja wakiyaona makundi katika rada waweza kuichelewesha ndege kutua au kuruka mpaka anga iwe tupu. Matete hayakukatwa. Uwanja ukafunguliwa tarehe 1 Mei 2010. Mashindano ya mpira yalipoanza mwezi wa Juni, mbayuwayu hawakuwapo; walikuwa Ulaya wakilea makinda.

Tumalizie na jambo la kazi. Pete zingali zikifungwa, na yeyote kati yetu aweza kuikuta moja. Pete za Afrika ya Kusini nyingi zimeandikwa Zoo Pretoria; za Urusi zimeandikwa Moskwa; za Uingereza zina jina la makumbusho ya London. Ndege akiwa hai, soma herufi na tarakimu zote, uziandike mara mbili ili usikosee, kisha umwachilie na pete yake mguuni. Akiwa amekufa, ifungue pete uinyooshe na kuihifadhi. Andika siku, mahali, na jinsi alivyopatikana. Katika Kenya habari hizo hupelekwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mahali pengine mwalimu wa shule au bwana nyama ataweza kukuelekeza. Na jina la aliyemshika ndege liandikwe pia, hata kama barua imeandikwa na mtu mwingine.